Saa moja jioni na mtungi wa kilo 6: upike chakula cha nchi gani?

Video za mapishi zina jiko la plati nne, meza ndefu, na vibakuli vya vioo vyenye viungo vilivyokwisha kukatwakatwa na mtu ambaye hatumwoni. Huku kwetu mjini Moshi mambo ni mengine. Mtu anatoka kazini saa kumi na moja, anapitia soko la Mbuyuni kabla akina mama hawajaanza kufunika nyanya zao, anagombania daladala, anafika Pasua au Rau giza limeshaingia. Jiko ni mtungi wa kilo 6, moto mmoja tu. Watoto wana kazi za shule na njaa, na ukiwaambia leo tunakula chakula cha Meksiko, wanachotaka kujua ni kama kina nyama.

Kwa hiyo hapa silinganishi utamu. Utamu kila nchi inao. Nalinganisha yale yanayoamua kama chakula kitapikwa kweli siku ya Jumanne: kinakula gesi kiasi gani, viungo vyake viko sokoni au ni mpaka supamaketi, kinataka moto mmoja au miwili, kesho kinabebeka kazini, na je, watu wa nyumbani watajihesabu kuwa wamekula? Hilo la mwisho lisidharauliwe. Uchagani kuna wazee utawapakulia sahani nzuri ya kigeni, wataimaliza, watashukuru, halafu watauliza kwa upole kabisa: "Sasa mama, chakula kinakuja saa ngapi?"

Msimamo wangu niuseme mapema. Chagua nchi ambayo ugumu wa chakula chake uko mkononi, si kwenye chupa. Mapishi yanayotaka ujue kukaanga bizari kwa sekunde chache bila kuiunguza utajifunza, na yatabaki kuwa yako. Yale yanayotaka chupa tatu za michuzi, utumie kijiko kimoja kimoja halafu zikae kabatini mpaka ziharibike, waachie wenye video.

Mayai na nyanya: kwa njia ya China au ya Tunisia?

Naanza na hawa kwa sababu kapu lao ni moja. Mayai manne au matano, fungu la nyanya, kitunguu, mafuta, chumvi. Kwa Mangi hapo mtaani unavipata hata saa mbili usiku. Lakini ukishika njia ya China unapata kitu kimoja, ukishika ya Tunisia unapata kingine kabisa.

Mayai ya nyanya ya Kichina ni chakula cha nyumbani hasa, kile ambacho mwanafunzi anajipikia bwenini na mama anawapikia watoto siku ambayo hana nguvu. Siri yake ni kupika mara mbili. Piga mayai na chumvi kidogo. Kikaango kiwe cha moto kwelikweli. Mafuta yakianza kutetemeka, mimina mayai, nayo yatafura pembeni papo hapo. Yasukume kwa mwiko kutoka ukingoni kuja katikati, kisha yatoe yangali yanang'aa na yana majimaji juu. Ndiyo, kabla hayajaiva sawasawa. Yaweke kwenye sahani. Kikaango kile kile, ongeza mafuta kidogo, tia nyanya za vipande vikubwa, chumvi, na sukari nusu kijiko cha chai. Sukari hiyo humshtua kila anayeisikia mara ya kwanza, lakini kazi yake ni kupunguza ukali wa nyanya, basi. Nyanya zikilegea na kuanza kutoa mchuzi wake, rudisha mayai, geuza mara mbili tatu, nyunyizia majani ya vitunguu, zima jiko. Mayai yanamalizia kuiva ndani ya mchuzi na yanabaki laini. Ukiyapika yote pamoja tangu mwanzo utapata yale mayai ya kuvuruga na nyanya tunayokula asubuhi na chai, ambayo si mabaya, ila siyo haya.

Ni kazi ya dakika kumi, na kinamiminwa juu ya wali. Mwenye moto mmoja aanze na wali: ukikauka, funika, zungushia sufuria taulo au kanga nene, iweke kando. Utakaa na joto lake vizuri tu wakati unashughulika na kikaango.

Shakshuka, yaani mayai ya nyanya ya Kitunisia, haina haraka hiyo. Kitunguu na pilipili hoho vinakaangwa polepole mpaka vilegee, kinafuata kitunguu saumu, bizari nyembamba na pilipili nyekundu ya unga, halafu nyanya nyingi kuliko unavyodhani zinatosha. Ziache zikauke mpaka ukipitisha mwiko chini ya kikaango njia ibaki wazi kidogo kabla ya kujifunga. Chimba visima vinne, pasulia yai ndani ya kila kimoja, funika, punguza moto, subiri dakika tano hadi saba. Asili yake ni Afrika Kaskazini, na Watunisia hupenda kuitia harisa, ule ujiuji wa pilipili kavu. Huku pilipili kichaa moja iliyopasuliwa inatosha kukufanya ujipepee. Inaliwa kwa mkate, kwa hiyo wali hauhitajiki.

Sasa viweke ubavuni. Shakshuka inachukua kama nusu saa lakini muda mwingi inajipika, unaweza kukaa na daftari la mtoto. Ya Kichina ni dakika kumi ambazo huwezi kugeuza shingo. Gesi ya shakshuka ni nyingi zaidi ukilinganisha kikaango kwa kikaango, ila ukiongeza gesi ya wali upande wa Mchina mnakaribiana. Nyanya ndizo zinazoamua: shakshuka inataka nane au zaidi, na nyanya zikipanda bei wakati wa mvua kubwa, fungu moja linageuka kuwa uamuzi wa familia. Hapo Mchina anashinda. Jambo lingine ni kiini. Shakshuka ya wenyewe kiini kinabaki cha kumwagika, na watu wanakichovya kwa mkate. Kama mezani kuna mjamzito, mtoto mdogo au mzee, acha kigande. Utamu utapungua kidogo, lakini yai bichi si la kuchezea.

Kwa nyumba ya watu wanaopenda wali, ni China. Kwa mtu mmoja au wawili na mkate umo ndani, Tunisia. Na wageni wakibisha hodi ghafla, Tunisia pia, kwa sababu kikaango kinakuja mezani kizima na kila mtu analiona yai lake. Hakuna wa kununa.

Dali ya Kihindi au maharage ya Kimeksiko?

Hapa mlima unaingilia kati. Arusha mjini iko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na maji huko yanachemka kwenye kama nyuzi 95 badala ya 100. Sisi wa Moshi tuko chini kidogo, kama nyuzi 97. Masikioni ni tofauti ndogo, ila maharage yanaijua. Mgeni kutoka Tanga akilalamika kwamba maharage ya Arusha hayaivi, mwambie yanaiva, ila yanataka muda zaidi au sufuria ya presha, ambayo kwa kubana mvuke hulipandisha joto la kuchemkia. Kwa mwenye mtungi wa kilo 6, saa mbili za maharage kila siku ni kuuaga mtungi kabla ya mwisho wa mwezi.

Choroko zilizokobolewa na kupasuliwa, zile za njano, zinaiva kwa dakika 20 hadi 25 bila kulowekwa. Hicho ndicho kinachoipa dali, rojo la Kihindi la choroko, nafasi ya kwanza katika orodha yangu yote. Mbuyuni si rahisi kuzikuta. "Dada, za kukoboa unazo?" Jibu mara nyingi ni, "Za kukoboa panda mjini kwenye maduka ya viungo, hapa ninazo nzima. Nikupimie?" Nzima nazo zinafaa, mradi umeziloweka asubuhi kabla ya kutoka. Adesi nyekundu zinaiva haraka vilevile, ila hizo ni za supamaketi.

Chemsha choroko na manjano nusu kijiko cha chai mpaka zivurugike zenyewe, tia chumvi. Kufikia hapo una uji wa njano usio na makuu. Kinachoufanya kuwa chakula ni mafuta ya mwisho. Weka vijiko viwili vya mafuta au samli kwenye kikaango kidogo. Chukua bizari nyembamba nzima, siyo ya unga, dondosha punje moja: ikizungukwa na vipovu mara moja, mafuta yako tayari. Mwaga kijiko cha chai kizima. Punje zitaanza kurukaruka, zitageuka kahawia, na harufu itatoka kwenye ile ya vumbi la dukani kuwa kama ya karanga zinazokaangwa. Usisubiri tena. Tia kitunguu saumu kilichokatwa vyembamba na pilipili mbichi, na saumu ikianza tu kugeuka rangi ya dhahabu, pindua kila kitu kwenye sufuria ya dali. Itapiga kelele, ifunike haraka. Saumu ikiwa nyeusi usiimimine kwa kuionea huruma. Itatia uchungu sufuria nzima, na kilichopotea ni vijiko viwili tu vya mafuta.

Wameksiko wanakwenda njia nyingine. Maharage yaliyokwisha kuiva yanapondwa kwenye kikaango chenye mafuta na kitunguu mpaka yawe mazito ya kupakaza. Pembeni kuna kachumbari ya nyanya, kitunguu, pilipili, giligilani na ndimu, ambayo mtu wa Moshi hahitaji kufundishwa na yeyote, na parachichi lililopondwa na chumvi na ndimu. Vyote vinafungwa ndani ya tortila, mkate wao mwembamba wa duara. Ukilitazama kapu hilo, lote liko soko la Kiborloni: mahindi, maharage, nyanya, pilipili na parachichi asili yake ni huko huko bara la Amerika, na leo ndivyo vinavyojaa shamba la Mchaga chini ya migomba. Maharage ya Lyamungo au Jesca yanapondeka vizuri sana.

Kinachokosekana ni tortila yenyewe. Ya mahindi usihangaike kuitengeneza kwa sembe. Wameksiko huchemsha mahindi yao na chokaa kabla ya kuyasaga, na hiyo ndiyo inayoufanya unga ushikamane. Sembe yetu haijapita huko, itakukatikia mkononi. Lakini kaskazini mwa Meksiko wanakula sana tortila za ngano, na hizo ni ndugu wa karibu wa chapati isiyo na tabaka. Kwa hiyo ukinunua chapati kwa mama wa kwenye kona hujadanganya mtu. Ninasema nunua kwa makusudi: ukianza kukanda na kusukuma mwenyewe, chakula cha dakika ishirini kimekuwa cha saa moja na nusu. Jibini lao badilisha kwa mtindi mzito wenye chumvi kidogo.

Tofauti kubwa kati ya hivi viwili ni kwamba dali unaiamua saa moja jioni, maharage uliyaamua jana. Kama hayajachemshwa, funga mjadala. Na usijaribu kuyaharakisha kwa kuyala yakiwa magumu magumu, hasa yale mekundu. Yakiwa mabichi yana sumu yake ya asili inayovuruga tumbo vibaya, na inaondoka kwa kuchemka sana, siyo kwa joto la kuvuguvugu. Mwenye friji achemshe sado nusu Jumapili, agawe kwenye vikopo, agandishe.

Kwa upande wa walaji, babu atakula dali na wali asiseme neno, maana macho yake yanaona mboga na wali. Mbele ya maharage ya kufunga kwenye chapati atakuuliza kijiko kiko wapi. Watoto ni kinyume chake: mpe mtoto chapati, sahani nne za vitu vya kujipangia, na uhuru wa kuchafuka, atakula hata kitunguu ambacho jana alikitoa kimoja kimoja kwa kidole. Basi siku za kazi ni dali. Ijumaa jioni, watoto wa jirani wakiwepo, Meksiko.

Tambi

Pwani tambi ni za sukari na nazi, mwezi wa Ramadhani. Huku juu watu wengi wanazijua na nyama ya kusaga, na wanaamini hicho ndicho Waitaliano wanakula. Kuna ukweli nusu. Mchuzi wa nyama wa Bologna upo, na mwaka 1982 mapishi yake yaliwekwa rasmi kwenye chemba ya biashara ya mji huo, lakini unapikwa saa mbili na zaidi. Hiyo ni gesi ya mtu mwingine.

Cha Jumanne ni tambi za kitunguu saumu za huko Napoli: saumu punje sita zilizokatwa vyembamba, zinapashwa polepole kwenye mafuta mengi kidogo pamoja na pilipili kavu, halafu tambi zinaingizwa humo na kikombe cha maji yaliyozichemshia. Maji hayo msiyamwage. Wanga uliomo ndio unaoshikanisha mafuta na tambi. Mafuta ya zeituni yakiwa ghali, alizeti safi inafanya kazi. Ladha itakuwa tofauti, siyo mbaya. Pakiti ikiandika dakika nane, kwa miinuko yetu weka tisa au kumi, kisha uonje.

Ni chakula cha haraka na cha bei nafuu, na sikipendi sana. Saa nne usiku njaa imerudi. Kifae kwa anayeishi peke yake na anayelala mapema.

Kimanda cha viazi cha Kihispania, na chipsi mayai zetu

Muhispania akiona chipsi mayai za stendi atatambua ukoo wake haraka: viazi, mayai, mafuta, chumvi. Vinatofautiana kwenye moto. Sisi tunakaanga chipsi kwenye mafuta yanayowaka mpaka ziwe na ngozi, kisha tunazimwagia mayai. Wao wanakata viazi vyembamba na kuvipika taratibu ndani ya mafuta ya moto wa wastani, pamoja na kitunguu, mpaka viwe laini bila kubadilika rangi. Vinachujwa, vinachanganywa na mayai yaliyopigwa, vinapumzika kidogo, halafu mchanganyiko wote unarudi kwenye kikaango chenye mafuta kidogo sana. Huko kwao kuna watu wanaobishana maisha yao yote kama kitunguu kiwemo au kisiwemo. Mimi niko upande wa kitunguu.

Kasheshe ni kugeuza. Funika kikaango kwa sahani pana kuliko chenyewe, shika kwa kitambaa, pindua kwa mara moja bila kusitasita, kisha teleza kimanda kirudi kupika upande wa pili. Ukisitasita ndipo kinapomwagika. Anayeogopa akikate robo nne ageuze robo moja moja, hakuna polisi wa Hispania Majengo.

Kwa nini uache chipsi mayai ambazo unanunua dakika tano? Leo usiku sioni sababu kubwa, ukweli ni huo. Sababu iko kesho. Chipsi mayai ikilala inakuwa mpira. Kimanda hiki kikilala kwenye friji kinakuwa bora, kinakatwa kama keki, kinaliwa baridi kazini na kachumbari, bila kutafuta mahali pa kupasha. Mafuta ya kuchuja unayatunza kupikia mboga. Muda ni kama dakika 45, moto mmoja, na mikono yako imetulia nusu ya muda huo.

Kwa anayependa kuviona pamoja:

| Chakula | Mpaka mezani | Moto | Cha kutafuta mapema | Kesho yake |
|---|---|---|---|---|
| Mayai ya nyanya, China | dakika 10, mbali na wali | mmoja, kwa zamu | hakuna | hakifai |
| Shakshuka | nusu saa | mmoja | bizari nyembamba, mkate | rojo peke yake, bila mayai |
| Dali ya choroko | dakika 40 pamoja na wali | miwili ni raha | choroko za kukoboa | inazidi ya leo |
| Maharage ya Kimeksiko | dakika 20, kama yameshaiva | mmoja | parachichi lililoiva leo, chapati | maharage tu |
| Tambi za saumu | dakika 20 | mmoja | hakuna | zinagandana |
| Kimanda cha viazi | dakika 45 | mmoja | sahani pana | kizuri hata baridi |

Mistari ya parachichi na chapati ndiyo inayowaangusha wengi. Parachichi la kukufaa usiku wa leo ni lile ulilolinunua gumu siku tatu zilizopita. Wauzaji wanajua kukubonyezea la leo na la keshokutwa, waulize tu.

Za kuachia Jumamosi

Jollof, wali wa nyanya wa Afrika Magharibi, inanipa wivu kila nikiiona, na ni binamu wa karibu wa pilau kiasi kwamba hata bibi hataikataa. Nyanya, pilipili hoho nyekundu, kitunguu na pilipili kali vinasagwa, vinakaangwa mpaka mafuta yaelee juu, ndipo mchele unaingia kuivia humo humo. Wanigeria na Waghana wana ugomvi wao juu ya nani anaijua zaidi, na Wasenegali wanawatazama tu, kwa kuwa wali wao wa samaki, ceebu jën, uliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021. Kwa siku ya kazi ina mambo mawili yanayoiangusha. Kwanza blenda: umeme ukikatika, unabaki na kinu. Pili mchele. Wanigeria wengi hutumia mchele mrefu uliopitishwa mvuke kiwandani, ambao hauvunjiki hata ukipikwa ndani ya rojo zito. Mchele wetu wenye harufu, wa Kyela au wa Magugu, ni laini. Ukiupika hivyo kizembe unapata bokoboko jekundu. Punguza rojo, kausha zaidi, au nenda tu na pilau, ambayo mchele huo uliizoea tangu zamani. Kati ya hivi viwili, kwa mchele uliopo sokoni kwetu, napika pilau na jollof naila nikialikwa.

Chakula cha Wahabeshi nacho ni cha kupangiwa. Mchuzi wa adesi na pilipili yao ya berbere unaiva haraka ukiipata hiyo pilipili, lakini injera, mkate wao mwembamba wa kuchacha, inataka unga wa nafaka yao ya tefu na siku kadhaa za kuchachusha. Arusha unaweza kwenda kuila kwa wenyewe. Nyumbani, kula mchuzi huo na chapati na usijilaumu.

Thailand na Japani nimeziacha. Mchaichai upo uani, ndimu zipo, nazi zinaletwa kutoka Tanga, kwa hiyo mtu anadhani amefika. Hajafika: bado kuna mchuzi wa samaki wa chupa, kuna mzizi wa ukoo wa tangawizi ambao Mbuyuni hawaujui. Ukiviondoa hivyo, kilichobaki ni mchuzi wa nazi wenye mchaichai. Ni mtamu. Uite mchuzi wa nazi, uupike kila wiki ukitaka.

Kiporo ndicho kinachofunga hesabu

Watu wengi wanachagua chakula cha jioni kwa kukitazama jioni peke yake, na hapo ndipo fedha zinapovuja. Dali ya leo ni chakula cha mchana cha kesho na, ukiiongezea maji na mchicha, ni supu ya kesho kutwa. Kwa kipimo hicho tambi na mayai ni ghali kuliko vinavyoonekana, kwa sababu kila siku unaanza sifuri.

Wali uliobaki nao una chakula chake cha Kichina kinachousubiri. Wali wa kukaanga hautaki wali wa moto uliotoka jikoni sasa hivi, utashikana. Unataka wa jana, uliopoa na kukauka punje. Ila usiuache juu ya jiko usiku kucha. Kwenye wali kuna bakteria ambao mbegu zao haziuliwi na kuchemka. Wali ukikaa wa vuguvugu muda mrefu wanaamka na kuacha sumu ambayo hata ukiupasha moto haiondoki. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, na ndani ya saa mbili uwe umeingia kwenye friji. Asiye na friji apike wali wa kutosha tu, usibaki. Mwenye friji, kesho yake: kikaango cha moto, mafuta, mayai mawili yavurugwe yatolewe, karoti na njegere, wali uvunjwevunjwe kwa mkono, chumvi, majani ya vitunguu, mayai yarudi. Soya sosi kijiko kimoja kama unayo, na hiyo ndiyo chupa pekee ambayo ningekushauri uinunue.